Naomba ushauri: bakteria hii ni Elizabethkingia anophelis au Elizabethkingia meningoseptica?
Habarini wakuu, watu wa maabara naombeni msaada. Tuna vichanga wawili wana homa ya uti wa mgongo, kwenye agari ya damu zimeota koloni za njano mpauko, antibiotiki ya meropenem haizigusi kabisa, mashine ya kutambua bakteria inasema meningoseptica ila naogopa maana huwa inaichanganya sana na anophelis, ile iliyopatikana kwanza kwenye utumbo wa mbu. Nikasoma jenomu (DNA yote ya bakteria) kwa kifaa cha MinION, nikaunganisha vipande kwa programu ya Flye, zimetoka besi milioni 4 hivi, GC (sehemu ya besi ambazo ni G na C) 35.6%. Nikilinganisha na jenomu rejea ya anophelis ANI (wastani wa kufanana kwa DNA zao) ni 97%, je inatosha kuiita anophelis? Na kabla sijahesabu tofauti za SNP (herufi moja moja za DNA) kati ya bakteria za hawa watoto, lazima niongeze data ya Illumina (usomaji wa DNA wa vipande vifupi)? Mmoja bado yuko kwenye oksijeni, nawaomba sana.