Kijana kamwonyesha "lala salama" mwenzake aliyeanguka, refa kapiga teknikali. Alikuwa sahihi?

Kocha wa Makole
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tulikuwa na mechi ya kikapu ya vijana hapa Dodoma, uwanja wa saruji usio na paa, upepo wa mwezi wa saba mnaujua. Robo ya nne tuko mbele kwa pointi 1, imebaki kama nusu dakika. Gadi wetu akampiga mtu krosova, yaani kaubadili mpira mkono ghafla, yule kijana akakaa chini, wetu akafunga. Badala ya kurudi kukaba akaenda kumsimamia aliyekaa, akaunganisha viganja akaviweka shavuni kama Stephen Curry wa NBA, ile ishara ya "lala salama". Refa papo hapo, teknikali, yaani kosa la mwenendo. Wakapewa mtupo mmoja wa adhabu, wakafunga. Wakaja na mpira wao, wakapiga pointi tatu. Tumepoteza kwa 1.
Timu ni yangu na bado nasema refa alikuwa sahihi. Kufurahi ni haki ya mchezaji. Kumsimamia mtu aliye chini ni dharau, na haya tunayotazama NBA, ligi ya Marekani, saa 9 usiku yanaingia kwa watoto wetu bila kuchujwa. Nawasilisha.

Kikapu Damu
Kocha shikamoo. Nakupinga. Refa kawanyang'anya ushindi. Curry alifanya "lala salama" Paris 2024, fainali ya Olimpiki, mbele ya Wafaransa nyumbani kwao, dunia nzima ikasimama kumpigia makofi. Iverson alimruka Lue aliyekuwa kaanguka chini, fainali ya NBA ya 2000, mpaka leo ndiyo picha yake. Kikapu bila mbwembwe kinabaki hesabu tupu. Shida yetu Watanzania ni upole, na Dodoma ndiyo kabisa, watu kimya kama wako ibadani. Ndiyo maana Hasheem wetu alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, mbele ya Curry huyo huyo, akapotea. Hakuwa na roho ya kutamba.

Binti Kizota
Ni 2001, mechi ya kwanza ya fainali. Iverson alifunga 48, Sixers yake ikashinda, kisha Lakers ya Lue ikachukua 4 mfululizo. Lue aliyerukwa ndiye aliyevaa pete. Ukitoa mfano utoe wote.
Na Curry pale Paris alikuwa ametoka kufunga pointi tatu 8, Marekani 98 Ufaransa 87. Alikuwa anaagana na mechi nzima. Hakumsimamia mtu aliyekaa chini.

Mwana wa Chang'ombe
Mimi mada ya refa naiacha. Kikapu Damu, "akapotea" maana yake nini? Hasheem Thabeet ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. 2009, Memphis, namba 2. Harden alikuwa wa 3, Curry wa 7. Hakujichagua mwenyewe, waliomchagua walimwona chuoni Connecticut akiwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East mara mbili. Wewe umefika wapi na kikapu chako?

Kikapu Damu
Sijamtukana mtu. Nimesema ukweli. Februari 2010 Memphis walimshusha ligi ya chini, Dakota. Wakati ule hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa. Hilo nalo nimelitunga?

Mwana wa Chang'ombe
Hujalitunga, ila unalitaja kwa furaha, na hapo ndipo tunapogombana. Baada ya Memphis alicheza Houston, Portland, Oklahoma. Timu nne za NBA! Nitajie Mtanzania mwingine mwenye hata moja.

Mgogo wa Mvumi
Nani kasema Dodoma watu kimya kama ibadani? Kijana hajawahi kuona muheme. Mama zetu wameweka ngoma katikati ya mapaja, wanapiga na kucheza kwa pamoja, shingo na mabega vinaongea, kijiji kizima kimesimama. Huyo mtu hajaishi Ugogo, kapanga chumba tu. Mbwembwe tunazo tangu enzi za mababu, hatukusubiri NBA ije kutufundisha. Nasubiri aombe radhi.

Mwalimu wa Fasihi
Naomba nirudi kwa kocha kidogo. Mimi kwetu Kagera. Darasani tunafundisha majigambo kama sanaa ya maonyesho, na kwa Wahaya shujaa alisimama mbele ya mtawala na silaha mkononi akajisifu kwa vitendo alivyofanya. Angalia anachosifu: nilikwenda, nilipiga, nilirudi. Nafsi ya kwanza mwanzo hadi mwisho. Kinachogomba kwa yule kijana si kujigamba. Alihitaji mwili wa mwenzake kuwa jukwaa lake. Angegeukia benchi lake akaonyesha ishara ileile ningempigia makofi.

Kikapu Damu
Mgogo wa Mvumi, nimezaliwa hospitali ya mkoa hapa hapa, nimekulia Majengo. Chumba unachosema nimepanga ni nyumba ya baba yangu. Usinifukuze kwetu.

Filimbi ya Zamani
Nimechezesha vijana miaka mingi. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinataja kumchokoza au kumkejeli mpinzani, adhabu ni teknikali, mtupo mmoja. Mbili kwa mchezaji mmoja anatoka nje. Kwa hiyo refa hakubuni kitu. Wenye NBA yao nao wanabana: Mutombo walimkataza kumtikisia mpinzani kidole, akabaki anawatikisia mashabiki na bado watu walifurahi. Ja Morant 2025 alipigwa faini ya dola 75,000 kwa ishara ya bunduki. Mnaona video ya sekunde 10, faini hamwonyeshwi.
Ila kocha nikuulize na wewe: mazoezini huwa unamkemea? Refa akiachiwa kazi ya malezi siku ya mechi, ndiyo haya.

Binti Kizota
Mutombo mnamtaja kwa kidole tu. Yule mzee aliwazuia watu mitupo 3,289, ni Olajuwon peke yake anayemzidi. Akajenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Amefariki Septemba 2024 na hakuna aliyeweza kusema alikuwa na dharau. Waafrika wawili warefu, mmoja katamba na mwingine kanyamaza, wote mnawahukumu kwa kelele.

Mwana wa Chang'ombe
Hapo dada umemaliza. Hasheem alinyamaza kwa sababu ndivyo alivyolelewa. 2009 DeJuan Blair, mpinzani wake wa chuo kingine, alimbeba begani akambwaga chini, Marekani nzima ikacheka. Hamkumwona akilia wala akitukana. Mnataka mwanaume wa namna gani?

Kikapu Damu
Nataka mwanaume anayemrudishia Blair danki ya uso halafu amtazame! Ndicho ninachosema tangu mwanzo.

Mgogo wa Mvumi
Radhi bado sijaiona.

Jezi Namba 9
Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye niliyekaa chini. Yule aliyefanya ishara sina neno naye, tulisoma wote sekondari na jioni ile tulirudi pamoja kwa miguu. Kilichoniuma ni ile video kuandikwa kwamba nimevunjwa enka, yaani krosova ndiyo iliyoniangusha. Sikuvunjwa na mtu. Viatu vyangu soli zimeisha, pale chini ya ringi panajaa vumbi, nikateleza kabla hajabadili mkono. Nimeitazama mara nyingi, inaonekana wazi.
Na ile pointi tatu ya mwisho nimefunga mimi. Nimesoma mjadala wote, hakuna aliyelitaja hilo.

Filimbi ya Zamani
Vumbi hilo nalifahamu. Uwanja unafagiliwa asubuhi, saa nane upepo umeshalirudisha lote. Mchana ule mechi haikupaswa kuanza kabla ya kufagiwa upya.

Kikapu Damu
Hata angeteleza kwa vumbi, krosova ilikuwa kali. Tusimwondolee dogo sifa yake.

Kocha wa Makole
Filimbi ya Zamani, swali lako limenipata. Mazoezini akifanya vile wenzake wanashangilia, nami huwa naendelea na drili. Jumanne nitaongea naye mbele ya timu nzima, nikianza na kosa langu.
Namba 9, mtupo wako niliuona, ulitoka mkononi ukiwa umekaa vizuri kuliko mitupo yote ya siku ile. Nilitakiwa kuandika hivyo juu kabisa. Unavaa kiatu namba ngapi?

Jezi Namba 9
45, kocha.

Mwana wa Chang'ombe
Kikapu Damu, timu nne. Nitajie Mtanzania mwingine. Tunakusubiri.