Naombeni ushauri: nimepewa kuongoza mazungumzo na mwandishi kwenye tamasha la fasihi, tumbo joto

Kalamu ya Gongolamboto: Wakuu, salaam. Jumamosi kuna tamasha la fasihi hapa Dar, maeneo ya Posta. Nimepangiwa kuongoza mazungumzo na mwandishi mmoja, saa nzima, halafu maswali ya ukumbini. Ni mzee mstaafu, mtu mzito, maneno yake ya kuhesabu. Nifanyeje azungumze bila watu kuanza kuchungulia simu? Matusi wekeni akiba.

Mama Nasra: Pole mwanangu. Shida si mwandishi, shida ni ukumbi. Mtu akishapewa maiki utasikia "mimi sina swali, nina mchango", anaanzia Azimio la Arusha mpaka muda unaisha. Usimwachie mtu maiki. Mshikie mwenyewe aulizie hapo hapo.

Chapa Ng'ombe: Na wale wa Gurnah, yule mwandishi mzaliwa wa Zanzibar! Tangu apate Nobel ya fasihi 2021, kila Mtanzania akipanda jukwaani anaulizwa "na wewe lini?" Kuna mjadala wa tafsiri nilikaa, jamaa akasimama kulalamika kwa nini Gurnah hasomeki kwa Kiswahili. Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise, ilishatoka 2022, na nakala zimepangwa mezani nyuma ya mgongo wake. Muuza vitabu akachukua moja akamgusa nayo begani.

Bwana Hesabu: Mleta mada, mwandishi akiulizwa kitabu chake ndiyo kwanza hanyamazi. Huyu wako anakosaje maneno?

Kalamu ya Gongolamboto: Ni mpole tu, mkuu.

Bwana Hesabu: Mstaafu, mtu mzito, halafu mpole? Mwaga yote au uzi ufungwe.

Kalamu ya Gongolamboto: Haya. Riwaya niliandika mimi. Alinipa vikaratasi na sauti za WhatsApp za utotoni kwake, mengine nikajaza mwenyewe. Hela tulimalizana, jalada lina jina lake. Yeye ndiye aliyewaambia waandaaji waniweke mimi, eti "huyu kijana anakielewa kitabu". Kabla hamjanirarua: ni kazi halali, wakubwa wangapi wanaandikiwa? Maswali na majibu nimeshayaandika yote, jana tumefanya mazoezi sebuleni kwake. Kusoma anasoma vizuri. Ila tulipofika kwenye swali la kwa nini yule binti alichoma mashua, akavua miwani akaniuliza, mkewe yupo pale anamenya machungwa: "Kwani mashua ilichomwa?"

Ustadhi Kimya: Huo ni udanganyifu, ndugu yangu. Watu watatoa hela yao wanunue kitabu, wapange foleni wasainiwe na mtu ambaye hakukiandika. Jitoe mapema.

Kalamu ya Gongolamboto: Nikijitoa watamweka mtu mwingine, atauliza maswali ya kweli. Nani atakuwa amesaidika?

Wakili wa Kijiweni: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inatenganisha haki za kiuchumi na haki za kimaadili. Za kiuchumi unauza, unakula hela. Kutambuliwa kuwa mtunzi ni habari nyingine. Mna mkataba wa maandishi?

Kalamu ya Gongolamboto: Tuliaminiana.

Wakili wa Kijiweni: Basi.

Mama Nasra: Marehemu mume wangu alimwandikia bosi wake hotuba miaka na miaka. Siku bosi anaagwa akasoma kurasa mbili zimegandana, akawaaga wafanyakazi halafu akawakaribisha kazini. Watu wakapiga makofi tu. Mwanangu, bana kurasa na pini.

Jongoo wa Tandika: Hii chai, tena haina tangawizi. Mtu mzito huandikiwa maisha yake, riwaya sijaona. Na mtu aliyelipwa anyamaze anakuja kulia hadharani? ID yenyewe ina wiki moja. Posta nashinda kila siku, bango la tamasha sijaliona.

Bwana Hesabu: Jongoo, wewe unashinda Posta unauza soksi, bango la fasihi utalionea wapi?

Jongoo wa Tandika: Soksi zangu zinasomesha watoto. Mleta mada ataje jina la kitabu tumalize ubishi.

Kalamu ya Gongolamboto: Siwezi kumwaga mchele kwenye kuku wengi.

Jongoo wa Tandika: Chai.

Chapa Ng'ombe: Mimi Jumamosi nipo, kiti cha mbele. Swali langu moja tu, la mashua.

Kalamu ya Gongolamboto: Mkuu, njoo PM. Tafadhali.

Mama Nasra: Kiingilio shilingi ngapi?