Mtu kapuliza arati kwa mdomo, ikazima! Na bado anajiita kiongozi wa msafara

Utambi wa Pamba (mleta mada)

Wakuu, mikono bado inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnivumilie.

Yule jamaa. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, Dodoma nzima inamjua: kizibao cha mifuko kumi na saba, filimbi shingoni, na kila wiki ana kundi jipya la wageni anaowazungusha "kuona dini za watu". Leo jioni kawaleta mandiri, hekalu letu la Kihindu. Sahani ya arati, ule moto wa ibada, ikapitishwa, ikafika kwake. Kapuliza. KAPULIZA! Kwa mdomo, fuuu, tambi tano kwa pumzi moja, kama mshumaa wa keki, halafu kawageukia watu wake anatabasamu, anasubiri makofi. Na wawili wakapiga!

Aisee.

Mengine yote tulishameza. Mlangoni kuna tangazo kwamba vitu vya ngozi vinabaki nje. Kalipiga picha, kisha kaingia na mkanda wa ngozi na pochi ya ngozi imetuna. Kengele unaigonga mara moja ukiingia, basi, umebisha hodi. Yeye kaigonga mpaka Chamwino wakadhani kumekucha. Kaokota shada la maua lililokuwa linasubiri kuvishwa murti (sanamu takatifu), kalinusa kwanza, tena kwa kuvuta pumzi ndefu, wakati ua la kutoa halinuswi, maana ukishalinusa umelitumia wewe. Kakaa kanyoosha miguu, nyayo zinatazama murti. Kunja miguu, mtu mzima! Pale ni sakafuni, siyo ufukweni Coco.

Tukameza. Lakini arati?

Kwa wasiojua: pujari, yaani kuhani wa mandiri, anaizungusha ile sahani mbele ya murti kufuata mwendo wa saa, wimbo unaimbwa, kengele inalia. Wimbo ukiisha, moto ule ule unaletwa kwa watu. Unapitisha viganja viwili juu ya mwali, mbali kidogo usiungue, unavipeleka machoni na kichwani. Sekunde tatu. Ukitaka kuweka sadaka unaiweka pembeni ya sahani, siyo juu ya tambi. Ndiyo kazi yote, mtoto wa chekechea anaiweza. Moto umeshatolewa kwa Mungu, unakurudia wewe ni baraka, halafu wewe unautemea pumzi yenye mate! Hata udi ukiwaka mwali haupulizwi, unaupepea kwa mkono. Hata taa ya nyumbani tu haipulizwi.

Na leo ni Ekadashi, siku ya mfungo. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wazee ambao hawajagusa nafaka wala dengu tangu asubuhi, wanasubiri huo moto ufike. Ukawafikia moshi.

Kapuliza, jamani. Kwa mdomo.

Kapuku wa Nkuhungu

Siti ya mbele kabisa. Mwenye karanga azipitishe huku.

Binti Kizota

Yule wa filimbi?? Anayesema "twende na taimu wapendwa"? Huyo hata msikitini aliwahi kuingiza kundi lenye viatu mpaka kwenye busati. Filimbi yenyewe alipuliza pia?

Utambi wa Pamba

@Binti Kizota, filimbi alipuliza wakati wa kuzunguka. Mzunguko wa kimya, watu wanataja jina la Mungu moyoni, yeye anapiga filimbi "kata kona!" Tena anawapeleka kinyume. Unazunguka ukiwa na murti upande wako wa kulia, mwendo wa saa. Wao walikuja kama gari kwenye wanwei, tukagongana uso kwa uso.

Lakini hilo dogo. Kapuliza arati!

Mzee wa Makole

Mleta mada, pole. Ila kiberiti si kipo dukani? Washeni tena, maisha yaendelee. Na kwa upepo huu wa Dodoma hiyo taa ilikuwa na dakika mbili za kuishi hata asingeipuliza.

Utambi wa Pamba

Mzee wangu shikamoo. Imewashwa. Sahani imerudishwa nyuma, tambi zilizopulizwa zimetolewa zote tano, zimewekwa mpya zilizolowekwa samli. Sikatai. Ninachosema ni kwamba KAPULIZA.

Kapuku wa Nkuhungu

Tumeshasikia mkuu, kapuliza. Sasa picha iko wapi? Uzi bila picha ni chai.

Utambi wa Pamba

Wakati wa arati hupigi picha hovyo! Ndiyo hayo hayo ninayolalamikia!

Mama Samli

Mimi nasimama na mleta mada, ila naomba niwe mkweli: tambi tano zikizimika kwa pumzi moja, na nyie jikoni mmelala. Utambi uliolowekwa vizuri hauzimiki kirahisi hivyo, unahangaika nao.

Sasa hivi ni kipupwe. Usiku hapa samli inaganda kwenye kopo. Mtu anachota samli ngumu, anaibandika juu ya pamba kavu, anawasha. Pamba inaungua kichwani kabla samli haijayeyuka, inatoa moshi mweusi, mwali unakuwa mdogo unayumba. Yeyusha samli kwanza, tumbukiza tambi mpaka zishibe, zitoe, ndiyo upange kwenye sahani. Zile za duara zenye kishungi zisimamishe wima, kishungi ukibane kwa vidole kiwe chembamba, ukipenda gusisha punje ya karafumaiti pale kwenye ncha, moto unadaka mara moja. Ukisikia utambi unalia pwa-pwa-pwa na kurusha cheche, samli yako ina maji ndani, haikuchemshwa ikakauka. Na zile za kopo zilizochanganywa mafuta ya mgando msiniambie ni samli.

Zabibu Chungu

@Mama Samli, umetisha. Mleta mada katulia ghafla.

Utambi wa Pamba

Sijatulia. Samli ilikuwa safi. Mapafu ya yule bwana ndiyo hayako kawaida.

Zabibu Chungu

Niongeze la kwangu kuhusu huyo huyo. Aliwahi kuja na sadaka ya chakula: keki ya dukani yenye mayai, na chupa ya mvinyo. Mvinyo! Alipoambiwa haupokelewi akasema "ni zabibu za hapa hapa Dodoma, zabibu si tunda?" Kwenye mandiri ya Swaminarayan (dhehebu moja la Kihindu) hata kitunguu na kitunguu saumu havipelekwi mbele ya murti, sembuse chupa. Peleka matunda mazima, nazi, sukari, maziwa, lozi. Kikipikwa kisionjwe jikoni, chumvi unakadiria kwa mazoea, maana anayekula kwanza siyo wewe.

Mjukuu wa Ujjain

Ngojeni, hapo kwenye mvinyo msimwonee. Ujjain kule India kuna mandiri ya Kal Bhairav, ile sura kali ya mungu Shiva, ambako sadaka kuu ni pombe. Mpaka mwaka 2025 ilikuwa inauzwa nje ya geti pamoja na maua, pujari anaimimina kwenye kisahani, anakiinamisha mdomoni mwa murti, kinachobaki kwenye chupa unarudishiwa wewe. Kwa hiyo jamaa hakukosea sadaka, alikosea nchi.

Kapuku wa Nkuhungu

Wakuu, safari ya Ujjain inaandaliwa lini? Naulizia rafiki.

Utambi wa Pamba

Naona mnacheka. Siku akija kwenu akapuliza mishumaa yote ya altare mtanitafuta.

Bajaji Jamatini

Na malipo je? Huyo mtu akishusha wageni anasema "utalipwa tukitoka". Wakitoka anapitia mlango mwingine. Hilo ndilo la kufungulia uzi, siyo moto.

Mpanda Ngazi

Afadhali nyie anawaharibia jioni moja. Sisi wa upande wa hija anawaharibia watu akiba ya miaka. Mmeliona tangazo lake jipya? "Kedarnath Desemba, likizo ya watoto." DESEMBA! Kedarnath, hekalu la Shiva kwenye milima ya Himalaya kule India, iko mita 3,583, milango inafunguliwa Aprili au Mei na inafungwa baada ya Diwali, Oktoba au Novemba. Desemba pale ni theluji tupu. Murti ya msafara inakuwa imeshashushwa Ukhimath, ibada ya msimu wote wa baridi inafanyika huko chini. Anawapeleka watu wakaangalie kufuli.

Na ameandika "matembezi mepesi". Kutoka Gaurikund ni kama kilomita 16 za kupanda. Dodoma tuko kwenye mita 1,100 na kidogo, mtu anafika juu na mwinuko zaidi ya mara tatu ya huu, kichwa kinamgonga, kichefuchefu, usingizi hauji. Unalala njiani usiku mmoja mwili uzoee, unapanda taratibu, unakunywa maji, ukiona mtu anapepesuka au anaongea vitu visivyoeleweka unamshusha, humwambii "jikaze bibi". Na bila kujiandikisha kwa serikali ya Uttarakhand, jimbo lenyewe, hamruhusiwi kuendelea na safari. Hilo kwenye tangazo lake halimo. Kilichomo ni picha yake ameshika filimbi.

Binti Kizota

Kufuli 😂😂😂 Bibi zetu wakafanye darshani (kumtazama Mungu kwenye murti) ya kufuli!

Mama Samli

@Mpanda Ngazi, hujamaliza. Uliza kuhusu "sadaka ya Virpur". Anakusanya kwa watu kabla ya safari, kila mtu na bahasha yake. Virpur kule India, kwenye hekalu la mtakatifu Jalaram Bapa, hawapokei sadaka yoyote, hata senti, tangu tarehe 9 Februari 2000. Unakula chakula cha bure, unashukuru, unaondoka. Sasa zile bahasha zinafika wapi?

Zabibu Chungu

Zinafika kwenye kile kizibao. Mifuko kumi na saba haijashonwa bure.

Utambi wa Pamba

Hayo yote ya kweli, lakini turudi kwenye arati maana

Mpanda Ngazi

Na ashramu, nyumba za ibada na kutafakari, anaziuza kama hoteli! Watu wanafika Rishikesh, mji wa hija India, na masanduku ya magurudumu wanauliza runinga iko wapi. Ashramu unaamka saa kumi alfajiri, unaoga maji ya baridi, unakaa kwenye sala na kutafakari. Chakula kina saa yake na ukichelewa sufuria zimeshaoshwa. Kitunguu hakuna. Nyama na pombe usiulize, mji wenyewe haviruhusiwi. Geti linafungwa mapema usiku, mzee mzima unabaki nje unamuita mlinzi. Nguo zifunike mabega na magoti, na shuka jepesi la kujitanda ubebe lako. Mtu akiambiwa hivyo mapema anajipanga. Asipoambiwa anagombana na masadhu (watawa) siku ya kwanza.

Mjukuu wa Ujjain

Mwambieni pia na kwenye mandiri ya Shiva asiwazungushe duara zima na filimbi yake. Pale kuna mfereji unaotoa maji yaliyomwagiwa linga (alama ya Shiva), hauruki. Unakwenda mpaka kwenye mfereji, unageuka, unarudi ulikotoka mpaka ufike upande wa pili wa mfereji huo huo, unageuka tena. Nusu duara kwenda, nusu kurudi. Kundi la watu ishirini wakiruka mfereji mmoja mmoja kwa filimbi, pujari anaweza kuacha kazi.

Bajaji Jamatini

Jamani mimi bado sijalipwa.

Mzee wa Makole

Nina swali la msingi. Hivi viatu mkiviacha nje vinalindwa na nani? Maana msikitini Ijumaa mtu unaingia na vya ngozi unatoka na kandambili mbili za kushoto.

Binti Kizota

Mzee, dawa ni kuingia na kandambili tangu nyumbani. Moja nyekundu, moja ya kijani. Haziibiwi.

Kapuku wa Nkuhungu

Au tenganisha. Cha kushoto weka mlango wa mbele, cha kulia mlango wa nyuma. Mwizi hana muda huo.

Mzee wa Makole

Kuna wezi wana muda, kijana.

Mama Samli

Kwenye mandiri kubwa India kuna kaunta, unaacha viatu unapewa kibao cha namba. Kipoteze uone. Na mchana sakafu ya mawe inachoma, vaa soksi za pamba, mandiri nyingi hazikatazi. Soksi siyo ngozi.

Utambi wa Pamba

Mada ni arati. Alipuliza arati. Kuna mtu bado yuko na mimi?

Zabibu Chungu

Tuko na wewe mkuu. @Mama Samli, hiyo samli isiyo na maji unaipata wapi hapa mjini? Ninayonunua sokoni Majengo inarusha cheche.

Mama Samli

Kuna wafugaji wanaileta kutoka Bahi. Irudishe jikoni mwenyewe, moto mdogo, mpaka povu liishe na masalia ya chini yawe ya kahawia, chuja kwa kitambaa. Njoo inbox nikupe bei ya lita.

Mpanda Ngazi

Lita mbili na mimi.

Bajaji Jamatini

Nani anaileta mpaka mjini? Naweza kubeba, ila malipo kabla.