Tupeane uzoefu: umoja na wingi wa Kiingereza, watu wanakwama wapi hasa?

Chaki_na_Ubao
Wakuu, uzi huu ni wa walimu, wahariri, wafasiri na yeyote anayeshinda akisahihisha Kiingereza cha watu. Book kuwa books tuiache, hiyo kila mtu anaijua. Tuandike pale kalamu nyekundu inapopita kila siku, kwa nini inapita, na dawa yake.

Naanza. Kosa linaloongoza si la tahajia, ni kuiacha s kabisa: three chair, many house, all my pen. Chanzo ni ngeli yetu ya I-ZI. Meza, nyumba, kalamu hazibadiliki. Wingi unauona kwenye upatanisho: meza hii imevunjika, meza hizi zimevunjika. Mwanafunzi akishaandika three anaona wingi umeshatajwa, nomino ibebe tena nini? Kiingereza kinakwenda kinyume. Nomino ndiyo inayobadilika, kivumishi hakiguswi: old chair, old chairs.

Zoezi linalozaa matunda: usimpe nomino mojamoja, mpe sentensi nzima. This old chair is broken, aigeuze kuwa wingi. Inatakiwa kubadilika this, chair na is. Old na broken zibaki. Akiandika olds, kahamishia upatanisho wa Kiswahili. Akiandika These old chair are broken, kasahau nomino. Kwa sentensi moja unajua tatizo liko wapi.

Bi_Sarufi
Nakazia hapo kwenye kitenzi. Wengi wanadhani s ya kitenzi nayo ni ya wingi, ndiyo unakuta The boys plays. Hiyo s ni ya umoja: nafsi ya tatu, wakati uliopo. The boy plays, the boys play.

Kuna walimu wanafundisha kwamba "s hukaa upande mmoja tu". Inasaidia siku ya kwanza, kisha inaharibu. The bus stops ina s pande zote na ni sahihi, kwa sababu ile ya bus ni sehemu ya neno. Children play haina s popote, nayo ni sahihi. Heri mwanafunzi azoee kubadilisha kiima kwa he, she, it au they kwanza, halafu ndipo achague kitenzi.

Mhariri_wa_Zamu
Kwangu ugomvi mkubwa ni nomino zisizohesabika. Informations, advices, furnitures, equipments, luggages, homeworks. Hizi huzioni kwa wanafunzi tu, zimejaa kwenye ripoti za ofisi na barua za maombi ya kazi. Sababu iko wazi: kwetu shauri lina mashauri, kifaa kina vifaa, mzigo una mizigo. Kwa Kiingereza maneno haya hayapokei a wala two. Ukitaka kuhesabu, weka kipimo mbele: a piece of advice, two pieces of luggage, three items of equipment.

Angalizo kwa wanaosahihisha: kufuta s hakutoshi. Many equipments were bought ukiifuta s tu unapata many equipment were bought, bado bovu. Inatakiwa a lot of equipment was bought. Many au these iliyotangulia, nomino, kitenzi: vyote vinahama pamoja.

Maji, maziwa na mafuta ni mtego wa namna yake. Kiswahili kinayapa upatanisho wa wingi, maji yamemwagika, basi mtu anaandika the water are. Nywele vilevile: her hairs are long. Hair inachukua is. Hairs utaitumia ukihesabu unywele mmojammoja, mfano two hairs kwenye supu. News, mathematics na physics zinadanganya kwa s ya mwisho lakini zote ni za umoja: the news is good.

Experience iangalieni kwa makini kwenye wasifu wa kazi. Ukimaanisha ujuzi uliojengeka kwa miaka, haihesabiki: five years' experience. Experiences ni matukio yaliyokupata. Anayeandika I have many experiences in accounting kasema jambo jingine kabisa.

Msomaji_wa_Pembeni
Na staff je? Police?

Mhariri_wa_Zamu
Staff ni kundi zima. Mtu mmoja ni a member of staff, si a staff. Watu wawili si two staffs. Waingereza hukubali the staff are, Wamarekani hupenda the staff is. Chagua moja uishike hadi mwisho wa waraka. Police na cattle hazina mjadala: are daima.

Fundi_Tahajia
Tahajia nitaipitia haraka, maana vitabu vyote vinayo. Yanayosahauliwa ni haya.

Sheria ya ch kuongeza es inategemea sauti, si herufi. Church, churches, lakini stomach na monarch zinaishia kwa sauti ya k, hivyo stomachs, monarchs. Quiz inaongeza z: quizzes. Y ikitanguliwa na konsonanti huwa ies, isipokuwa majina ya watu: familia ya Kennedy ni the Kennedys.

F kuwa ves si sheria, ni orodha fupi ya kukariri: leaf, loaf, half, knife, life, wife, wolf, shelf, thief, calf na wenzake wachache. Roof, chief, belief, proof zinapokea s tu. Roofs ndiyo inayoangusha wengi.

O nayo: potatoes, tomatoes, heroes, echoes, photos, pianos, radios, videos. Mango na mosquito zinakubali zote mbili, s na es, kwa hiyo mwalimu asimnyime mtoto alama.

Na wanaogeuza man kuwa men kila wanapoiona: German si neno lililoundwa na man. Wingi ni Germans, kama humans na Romans.

Bi_Sarufi
Ongeza matamshi. S hiyo ina sauti tatu. Baada ya p, t, k, f inabaki s: books. Baada ya irabu na konsonanti ghuna (zinazotetemesha koo, kama g) ni z: dogs, eyes. Baada ya s, z, sh, ch na j inakuwa silabi nzima: buses, pages. Wengi wetu tunaitamka s popote, hapo eyes inasikika kama ice na peas kama peace. Women tamka "wimin". Irabu ya kwanza ndiyo inayoitenga na woman masikioni, ingawa kwenye maandishi inayobadilika ni ya pili.

Mfasiri_wa_Mikataba
Kwenye mikataba na barua za semina, kosa sugu ni a three-days workshop. Namba na nomino vikiungana kwa kistari kuwa kivumishi, nomino inarudi umoja: a three-day workshop, a five-year contract. Toa kistari, wingi unarudi: the workshop lasted three days. Vilevile two million shillings, bila s kwenye million. S inakuja pasipo na namba kamili, millions of shillings. Kiasi kizima cha fedha huchukua kitenzi cha umoja: two million shillings is enough.

Suruali moja si a trouser. Ni a pair of trousers, na ukiirejelea unasema they. Scissors na shorts ni hivyo hivyo.

Nomino ambatani: wingi unabebwa na neno kuu, si lazima liwe la mwisho. Mothers-in-law, passers-by.

Chaki_na_Ubao
Ritifaa (alama ya ') jamani! Mabango ya mitaani: Chip's, Spare's, Shoe's. Ritifaa haiundi wingi. MPs, 1990s, bila alama. Ni ya umiliki, na mahali pake panategemea umbo la wingi: ukiisha kwa s, alama inafuata nyuma, the girls' dormitory, usipoisha kwa s, unaongeza 's, the children's ward. Womens' haipo popote.

Mhariri_wa_Zamu
Wasomi nao wasamehewe? Criteria na phenomena ni wingi. Umoja ni criterion, phenomenon. This criteria imejaa kwenye tasnifu. Thesis huwa theses, analysis huwa analyses. Octopi haina msingi, neno ni la Kigiriki, andika octopuses.

Msomaji_wa_Pembeni
One of my friend has au have?

Bi_Sarufi
One of my friends has. Tunasema mmoja wa rafiki zangu, na rafiki hapo haibadiliki, ndiyo maana s inasahaulika. Baada ya one of nomino ni wingi, kitenzi ni cha one. Each na every huchukua umoja: every student has. Halafu tenganisha hizi mbili: a number of students are absent, yaani kadhaa, the number of students is small, yaani idadi yenyewe ndiyo kiima. Na 1.5 litres ina s, half a litre haina.