MREJESHO: ile swali yangu ya matengenezo ya mitambo ya upepo baharini

Bandugu habari, ni mie wa Bukavu mwenye niko naandika TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo), niliuliza mitambo ya upepo yenye iko katikati ya bahari wanapanga aje matengenezo, kalenda tu ao wanangoja kitu ivunjike. Aksanti sana kwa bote mulijibu, zaidi yaya mwenye aliniambia nianze na mawimbi, kweli kila kitu inaanzia pale.

Bato ndogo ya mafundi mara nyingi haitoke kama mawimbi inapita karibu metre 1.5, juu pua ya bato inasukuma chuma ya mnara na fundi anavuka kushika ngazi, wimbi ikipandisha bato gafla mguu inabanwa. Hornsea 2, shamba ya mitambo ya upepo ya Uingereza, iko karibu kilometa 89 na pwani, mitambo 165, kwenda na kurudi kila siku haiwezekane, mafundi wanalala ku meli yenye daraja ya kuvukia ku mtambo, yenye kujisawazisha.

Servisi kubwa wanaiweka kipindi cha joto: bahari imetulia, upepo kidogo, ukisimamisha mtambo haupoteze umeme mingi. Na wanafuata na sensa mtetemo wa bering (chuma yenye kubeba ekseli yenye kuzunguka) ili wajue mapema kitu inachoka, juu kubadilisha bwati ya vitesi (gearbox) inaomba meli yenye kusimamisha miguu chini ya bahari, bei kali, inakodishwa mbele ya wakati. Kwangu hapo ndio roho ya kazi yote.

Profesa amekubali chapitre. Inabaki hesabu ya siku za kungoja bahari itulie, mwenye iko na data ya mawimbi ya Bahari ya Kaskazini anitumie tafazali.