Ninarudi kazini mwisho wa mwezi: pampu ipi ya kukamulia maziwa itanifaa?

Mama Ilham, Dar es Salaam
Ndugu zangu, habari za malezi. Mwanangu wa kwanza ana wiki kumi, na likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inakaribia kwisha. Ninaishi Mbagala na ofisi yetu iko Posta, kwa hiyo nitakuwa mbali na mtoto kwa muda wa saa 11 hivi kila siku, naye ninataka anywe maziwa yangu pekee hadi atimize miezi sita. Katika maduka ya dawa ya Kariakoo nilionyeshwa pampu za aina tatu: ya mpira unaobonyezwa kama honi ya baiskeli, ya mkono yenye mpini, na ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja. Muuzaji alisisitiza ninunue ya umeme kwa sababu ina nguvu zaidi. Niliazima ya umeme kwa jirani nikaijaribu siku mbili. Iliniumiza chuchu hadi machozi yakanitoka, na maziwa yaliyopatikana hayakufunika hata kitako cha chupa. Je, tatizo ni pampu au ni maziwa yangu?

Mkunga, Tanga
Hongera kwa kulea, Mama Ilham. Ikiwa mtoto anaongezeka uzito kliniki na analowanisha nepi vizuri, usiyatilie shaka maziwa yako. Ninachokishuku ni faneli, yaani ule mdomo wa pampu unaowekwa juu ya titi. Pampu nyingi huuzwa zikiwa na faneli ya milimita 24 au 28, ilhali chuchu za wanawake hazilingani. Chukua rula, pima upana wa chuchu yako kwenye shina lake, bila kuhesabu weusi unaoizunguka, kisha tafuta faneli inayozidi kipimo hicho kwa milimita mbili hadi nne. Faneli ikiwa pana mno, huvuta na ule weusi ndani, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Ikiwa nyembamba mno, chuchu husuguliwa pembeni na maziwa hayashuki. Anza na mvuto wa chini, upandishe polepole, na uukomeshe kabla haujauma, kwa kuwa titi linaloumia hukataa kuachia maziwa.

Ile ya honi usiinunue kabisa. Maziwa huingia ndani ya mpira mahali ambapo brashi haifiki, na mvuto wake huwezi kuupima. Hiyo ya jirani nayo irudishe kwa shukrani: kama haina kizuizi kati ya maziwa na mota, mabaki huweza kuingia kwenye mipira na mota, na sehemu hizo huwezi kuzichemsha.

Mwalimu na mama wa wawili, Morogoro
Nami niongeze la matumizi, kwani dukani huambiwi. Kwa saa 11 utahitaji kukamua mara tatu au nne, na pampu ya matiti mawili humaliza kwa dakika 15 hadi 20 hivi, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa mtu mwenye muda wa kuhesabu. Lakini chagua inayochajiwa, maana umeme ukikatika saa sita mchana huku matiti yamejaa, utaumia. Mimi nilibeba pia ile ya mpini kwenye mkoba, na ndiyo iliyoniokoa mara nyingi kuliko ya bei kubwa.

Uliza pia kama vipuri vyake vinapatikana hapa nchini. Katika mwezi wa tatu pampu yangu iliacha kuvuta, nami nikalia nikiamini maziwa yamekauka. Kumbe kile kipande kidogo cheupe cha mpira, vali, kilikuwa kimechanika ncha, ufa mwembamba kama unywele. Nilipokibadilisha, maziwa yalirudi siku ile ile. Tangu hapo nilinunua vali za akiba.

Na usisahau kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Zungumza na mwajiri wako kabla ya kurudi, mkubaliane pia juu ya chumba chenye mlango unaofungwa, kwani chooni si mahali pa kukamulia chakula cha mtoto.

Mkunga, Tanga
Kuhusu kuhifadhi: maziwa hukaa muda wa saa nne katika joto lisilozidi nyuzijoto 25, na Dar mara nyingi huzidi hapo, kwa hiyo yaweke mara moja kwenye friji ya ofisi au kikasha chenye barafu. Ndani ya friji hudumu siku nne.

Mama Ilham, Dar es Salaam
Asanteni sana, Mungu awazidishie. Nimepima kwa rula ya shuleni: milimita 17, na faneli ya jirani ilikuwa ya 28. Jumamosi nitarudi Kariakoo kutafuta ya 19 au 21. Je, kama dukani hawana kipimo hicho, kuna kipande cha kupunguzia upana kinachouzwa peke yake?

Mwalimu na mama wa wawili, Morogoro
Kipo, ni cha silikoni na huchomekwa ndani ya faneli. Nenda na pampu yako ukijaribishe hapo hapo.