Mama ana kidonda kwenye mfereji wa makalio na hakikauki: tufanyeje?

Kitindamimba: Shikamooni. Mama yangu, mwenye miaka 74, alipatwa na kiharusi miezi mitatu iliyopita, na muda mwingi hulala chali. Ngozi ya juu ya kitokono (mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo) imekuwa nyeusi kuliko kawaida, na chini yake, ndani ya mfereji wa makalio, imechubuka. Tunapaka spiriti na poda ili pakauke, lakini kwa joto hili la Tanga, jasho na mkojo havitupi nafasi. Je, tuendelee?

Muuguzi Mstaafu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Spiriti na poda viacheni leo hii, kwa sababu spiriti huunguza ngozi changa inayojaribu kuota, na poda ikilowa hugeuka mabonge yanayokwaruza. Kila anapojisaidia, mwosheni kwa maji ya vuguvugu, mkausheni kwa kugusagusa na kitambaa laini bila kusugua, kisha mpakeni krimu yenye zinki ili mkojo usiifikie ngozi. Hata hivyo, krimu haiondoi uzito wa mwili juu ya mfupa. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia, mkimwegemeza kwa mto nyuma ya mgongo, alale nusu ubavu. Msimwinue sana kichwani, kwani huteleza kuelekea miguuni na ngozi ya kitokono huvutika. Sasa niambie: ukipagusa hapo juu ya kitokono palipokuwa peusi, pana joto au ugumu kuliko ngozi ya jirani?

Mama Wawili: Sisi baba mkwe tulimkalisha juu ya mpira wenye tundu katikati, na usiku tulimvisha pampasi mbili.

Muuguzi Mstaafu: Samahani dada, hayo sikubaliani nayo. Mpira huo hubana damu pembezoni mwa tundu, na pampasi mbili hufuga joto. Akiwa kitandani, shuka la kufyonza lililotandikwa chini yake linatosha.

Kitindamimba: Nimepagusa: pana joto na ugumu. Kwenye kinena nako kuna vipele vidogo vinavyomwasha.

Muuguzi Mstaafu: Vipele huenda ni fangasi, ambao wana dawa yao. Huo ugumu ndio unaonitia wasiwasi, maana huenda nyama ya chini imeshaumia ijapokuwa ngozi ya juu haijapasuka. Mpelekeni kituo cha afya kesho asubuhi, na homa ikimpanda kabla ya hapo, msingoje kupambazuke. Mayai na dagaa vitamsaidia kidonda kufunga, ilimradi anameza bila kupaliwa.